Kabla hujanunua kigeuzi kingine cha sauti

Swali la leo limeletwa na msomaji wa Kayole, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme. Barua yake ilikuwa ndefu, nami nimeifupisha hivi:

“Mwalimu, salamu. Nimejiundia kifaa cha kusikilizia muziki nyumbani. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inasoma faili za muziki, bodi ndogo ya rangi ya zambarau yenye chipu ya PCM5102A, yaani kigeuzi, inazigeuza namba kuwa sauti, na amplifaya niliyoilehemu mwenyewe kwenye veroboadi (bodi yenye mistari ya shaba), kwa opampu (chipu ya kukuza mawimbi) ya NE5532 na betri moja ya volti 9, inaendesha hedifoni za omu 32. Amplifaya nimeifuatisha mchoro maarufu wa mbunifu Chu Moy. Muziki unasikika, lakini besi ikipiga sauti inakwaruza; nikigusa tu kitufe cha volyumu sauti inajaa, tena sikio la kushoto linatangulia la kulia; na kila nikichomeka hedifoni nasikia kishindo. Betri haidumu, kwa hiyo nilijaribu kulisha Pi (kupitia kishusha volti cha volti 5) na amplifaya kwa adapta moja ya volti 12, sauti ikaharibika kabisa. Muuzaji mmoja wa barabara ya Luthuli, Nairobi, ameniambia kigeuzi changu ni cha bei ya chini mno na kwamba ninunue chenye chipu kubwa zaidi. Pesa nilizo nazo zinatosha kitu kimoja tu. Ninunue kigeuzi kipya au opampu ya bei?”

Binti yangu, kwa sasa usinunue chochote kati ya hivyo viwili. Malalamiko yako yote yanatokana na sehemu iliyo baada ya kigeuzi, na hakuna hata moja ambalo kigeuzi kipya kitalitibu. Ulichonacho mezani ni vipuri vizuri ambavyo, jinsi ulivyoviunganisha, havipatani: chipu moja inatoa volti nyingi, ya pili imeagizwa izizidishe mara 11, na betri inayoilisha hiyo ya pili haina nguvu ya kubeba kazi hiyo. Nitakueleza kila tatizo linatoka wapi kwa hesabu unayoweza kuirudia mwenyewe, maana fundi anayejua hesabu ya kifaa chake hababaishwi na muuzaji.

Nianze na kigeuzi, ili tukiondoe kwenye lawama. Tangu sahani za CD zilipoingia sokoni mwaka 1982, muziki wa kidijitali umehifadhiwa kwa sampuli 44,100 kila sekunde kwa kila upande, na kila sampuli ni namba ya biti 16, yaani moja kati ya ngazi 65,536. Ngazi hizo zinatoa tofauti ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ule mnong’ono wa kelele ulio chini yake. Texas Instruments, watengenezaji wa PCM5102A, wanaipa chipu hiyo desibeli 112. Maana yake ni kwamba kelele ya kigeuzi chako iko chini ya kelele iliyomo ndani ya faili zako za biti 16, na chumba cha Kayole, pamoja na honi za matatu zinazopenya dirishani, kina kelele nyingi zaidi ya vyote viwili. Bei yake ni ya chini kwa sababu kazi ngumu yote imewekwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni kinachotengenezwa kwa wingi. Wewe na mimi tungetaka kuijenga kazi hiyo kwa mikono, kwa ngazi ya rezista za thamani mbili, R na 2R, rezista ya biti ya juu kabisa ingehitaji usahihi wa karibu sehemu moja kwa 65,536, ilhali rezista tunazouziwa zina usahihi wa asilimia 1 au 5. Niliwahi kulehemu ngazi ya biti 4 kwa ajili ya kufundishia, yenye hatua 16 tu, na wimbi lake kwenye osiloskopu lilionekana kama vidato vya ngazi ya nyumba. Lilifaa sana kuelezea jambo hilo darasani, lakini hakuna aliyetaka kulisikiliza.

Ikiwa bado una shaka, jaribio ni rahisi wala halihitaji senti. Ondoa amplifaya yako, kisha uunganishe bodi ya zambarau moja kwa moja kwenye ingizo la sabufa ya sebuleni au redio yoyote yenye ingizo la sauti. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini utasikia sauti safi. Kama bodi yenyewe ingekuwa imeungwa vibaya, dalili zingekuwa nyingine: mguu unaoandikwa XSMT ukiwa chini, chipu hunyamaza kabisa, na mguu wa SCK (wa saa kuu) usipounganishwa na graundi, chipu haiwezi kujitengenezea saa yake ya ndani kutokana na BCK (mapigo ya biti yanayotoka kwenye Pi), hivyo unapata ukimya au vurugu tupu. Vyote hivyo hurekebishwa kwa vidaraja vidogo vya risasi ya kulehemu kwenye bodi hiyo hiyo. Usichopaswa kujaribu ni kuchomeka hedifoni kwenye kigeuzi bila amplifaya, kwa sababu chipu hiyo imeundwa kuendesha mzigo usiopungua omu 1,000, na zako ni 32.

Sasa tuje kwenye volyumu. PCM5102A, ikiwa na wimbi kamili, inatoa volti 2.1. Mchoro wa Chu Moy, kwa rezista ya kilo-omu 10 na ya kilo-omu 1 ulizoziweka kwenye njia ya kurudisha wimbi, unazidisha mara 11. Mbili nukta moja mara 11 ni volti 23. Betri yako, ikigawanywa katikati, inatoa volti 4.5 juu na 4.5 chini, na NE5532 haiwezi kuzifikia zote kwa sababu transista zake za kutolea zinahitaji nafasi yao, kwa hiyo kilele chake kiko kwenye volti 3 hivi. Unaiomba amplifaya volti 23 ambazo haina mahali pa kuzitoa. Mchoro ule ulibuniwa enzi za vichezaji vidogo vya mfukoni vilivyotoa volti chache mno, na wakati huo kuzidisha mara 11 kulikuwa na maana. Kwa chanzo cha leo, chenye volti 2.1, umepitiliza.

Angalia upande wa pili wa hesabu, yaani kile ambacho masikio yanahitaji. Chukua hedifoni za omu 32 ambazo kwa miliwati 1 zinatoa desibeli 100, kiwango cha kawaida kabisa. Ili zifikie vilele vya desibeli 110, ambavyo tayari ni vikali, zinahitaji miliwati 10, na hizo zinapatikana kwa volti 0.57 na mkondo wa miliampea 18. Kigeuzi chako kina karibu mara nne ya volti hizo kabla amplifaya haijaongeza chochote. Hedifoni zako hazikosi volti. Zinakosa mkondo, na kutoa mkondo ndiyo kazi pekee unayohitaji amplifaya ikufanyie. Hii ndiyo sababu sauti inajaa mara tu unapogusa kitufe: unatumia zile digrii chache za mwanzo wa potenshomita (rezista inayogeuzwa na kitufe hicho), mahali ambapo njia mbili za kaboni zilizomo ndani yake hazilingani vizuri, na ndiyo maana sikio la kushoto linatangulia. Potenshomita yako ni nzima. Tatizo ni kwamba umeizuia isitumie mzunguko wake wote.

Dawa yake ni ya kuondoa, wala si ya kununua. Kwa kila upande, toa ile rezista ya kilo-omu 1 inayotoka kwenye ingizo la kugeuza, yaani miguu ya 2 na 6, kwenda graundi, na uiache ile ya kilo-omu 10 mahali pake. Bila rezista ile, opampu inafuata wimbi jinsi lilivyo, mara 1. Sambamba na rezista ya kilo-omu 10 weka kapasita ya pikofaradi 47 ili chipu isianze kutetemeka yenyewe kwenye masafa ya juu ambayo sikio haliyasikii lakini betri inayalipia.

Tatizo la kishindo unapochomeka hedifoni ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu nimelikuta kwenye kazi za vijana wengi na karibu kila mara lawama hupelekwa pasipostahili. Chu Moy alichagua opampu za familia ya OPA134, ambazo ingizo lake ni la transista za FET na linanyonya mkondo mdogo usiopimika kwa mita ya kawaida, takriban pikoampea 5. Kwa hiyo aliweza kuweka rezista ya kilo-omu 100 kati ya ingizo na graundi bila madhara yoyote. Wewe ulipofika dukani ukapewa NE5532, chipu nzuri sana ambayo imepitisha muziki mwingi wa dunia hii kwenye meza za studio, lakini ingizo lake ni la transista za kawaida na linanyonya takriban nanoampea 200. Zidisha nanoampea 200 kwa kilo-omu 100 na utapata milivolti 20 za mkondo mnyoofu (DC) kwenye ingizo. Amplifaya yako inazikuza mara 11, zinafika milivolti 220 kwenye jeki, na hapo ndipo kishindo kinapotoka. Hedifoni ikiwa masikioni, volti hizo zinasukuma karibu miliampea 7 zisizokoma kwa kila upande, na utando wa spika unabaki umesogezwa upande mmoja muda wote wa wimbo.

Tafadhali pima leo, kabla hujasoma zaidi. Chomoa hedifoni, geuza kitufe cha volyumu hadi mwisho wa chini, weka mita kwenye milivolti za mkondo mnyoofu, waya mweusi kwenye graundi ya jeki na mwekundu kwenye upande wa kushoto, halafu wa kulia. Mimi siruhusu hedifoni yoyote ichomekwe kwenye kifaa kinachoonyesha zaidi ya milivolti 20.

Kulirekebisha hilo kunahitaji ubadilishe vitu viwili kwa pamoja. Rezista ya kilo-omu 100 iwe ya kilo-omu 10, ili zile milivolti 20 ziwe 2. Lakini ukiishia hapo utaua besi, kwa kuwa kapasita ya maikrofaradi 0.1 iliyo mbele yake, ambayo pamoja na kilo-omu 100 ilianza kupunguza sauti chini ya hezi 16, sasa itaanza kuipunguza chini ya hezi 159, na wimbo wa benga bila gitaa la besi haufai kusikilizwa. Weka basi kapasita ya filamu ya maikrofaradi 2.2, nayo itashusha mpaka huo hadi hezi 7. Kuna faida nyingine iliyojificha hapa: kwa kuwa ingizo la pili nalo lina kilo-omu 10 kwenye njia yake ya kurudi, mikondo ya maingizo mawili inaacha volti zinazokaribiana pande zote mbili, na nyingi yazo zinafutana. Kwa rezista mbili na kapasita mbili utakuwa umeifanya NE5532 ikae kwenye mchoro uliobuniwa kwa ajili ya chipu nyingine.

Besi inayokwaruza inatupeleka kwenye betri. Ulipotumia betri moja, uliunda graundi bandia kwa rezista mbili za kilo-omu 4.7 na kapasita mbili za maikrofaradi 220. Fikiria mkondo wa ngoma nzito unapotoka kwenye hedifoni zote mbili kurudi kwenye kituo hicho cha katikati. Rezista zile haziwezi kuubeba, maana zinapitisha karibu miliampea 1 tu, kwa hiyo kapasita ndizo zinazobeba mzigo wote, na kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo zinavyolemewa. Kituo cha katikati kinaanza kuyumba kuelekea upande mmoja wa betri, na nafasi ya wimbi kupanda na kushuka inapungua wakati ule ule ambapo muziki unaihitaji. Juu ya hapo weka zile miliampea 7 kwa kila upande zinazovuja muda wote: kuna uwezekano mkubwa kwamba graundi yako bandia haiko katikati hata kabla wimbo haujaanza. Pima volti kutoka katikati hadi kila ncha ya betri, kwanza bila hedifoni, kisha ukiwa umeazima zile hedifoni za zamani ambazo hutasikitika zikiungua. Nusu mbili zikiacha kulingana, umeona kwa macho yako kile ambacho sikio limekuwa likilalamikia. Isitoshe, watengenezaji wanapendekeza NE5532 ipewe angalau volti 5 kila upande, nayo betri ya volti 9 haizifikii hata ikiwa mpya, sembuse ikiwa imetumika jioni tatu.

Kwa hiyo kitu kimoja ambacho pesa zako zinatosha ni betri ya pili. Unganisha chanya ya betri moja na hasi ya nyingine. Kiungo hicho ndicho graundi yako, graundi ya kweli ambayo betri zenyewe zinaishikilia. Ncha mbili zinazobaki zinakupa volti 9 juu na 9 chini, mguu wa 8 wa chipu ukipata chanya na mguu wa 4 hasi. Ng’oa rezista zote mbili za kilo-omu 4.7. Zile kapasita za maikrofaradi 220 zibaki, moja kila upande kuelekea graundi, na karibu kabisa na miguu ya chipu ongeza kapasita ndogo za seramiki za nanofaradi 100. Mhandisi asiyejulikana aliyejiita NwAvGuy, aliyetoa mchoro wa amplifaya ya O2 mwaka 2011, naye alitumia betri mbili za volti 9, na aliongeza saketi maalumu ya kuzima pande zote mbili kwa pamoja betri moja inapochoka kabla ya mwenzake, kwa sababu opampu iliyobaki na upande mmoja wa umeme inaweza kutupa volti nyingi kwenye hedifoni. Wewe tumia swichi ya njia mbili inayokata betri zote kwa mkupuo mmoja, badilisha betri zote mbili siku moja, na uvue hedifoni kabla ya kuwasha na kabla ya kuzima.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la ile adapta ya volti 12. Hasi ya adapta ilikuwa graundi ya Pi, na graundi ya Pi ni graundi ya kigeuzi, ambayo kupitia waya wa sauti ilifika kwenye graundi bandia ya amplifaya yako. Graundi hiyo bandia ilipaswa kusimama kwenye volti 6, katikati ya adapta, lakini waya wa sauti uliivuta hadi sifuri. Nusu ya chini ya wimbi ikakosa mahali pa kwenda, na hiyo ndiyo sauti mbovu uliyoisikia. Kwa kuwa opampu hii haiwezi kushuka hadi kwenye hasi yake, ilibaki ikisukuma mkondo mnyoofu kwenye hedifoni. Nashukuru kwamba ulizima mapema. Usiunganishe tena graundi bandia na kifaa kinachokula umeme ule ule. Adapta iache iilishe Pi peke yake, kupitia kile kishusha volti, na amplifaya iwe na umeme wake.

Ukishakamilisha hayo, kazi inayobaki ni ya mkono na jicho, nayo ndiyo inayotofautisha kifaa kimoja na kingine hata kama vina vipuri vilevile. Chukua mfano wa waya wa graundi. Tuseme mkondo unaorudi kutoka kwenye hedifoni, miliampea 50 kwenye kilele, unapita kwenye kipande cha waya ambacho pia ndicho graundi ya ingizo, na tuseme kipande hicho pamoja na kiungo chake kina sehemu moja ya kumi ya omu. Volti zitakazozaliwa hapo ni milivolti 5, nazo zinajiongeza kwenye wimbi linaloingia. Linganisha milivolti 5 na volti 2.1 na utapata tofauti ya desibeli 52. Umenunua chipu ya desibeli 112, halafu waya mmoja uliowekwa vibaya ukakurudisha kwenye desibeli 52, na hakuna kigeuzi cha bei yoyote kinachoweza kukuokoa hapo. Ndiyo maana waya wa kurudi kutoka kwenye jeki ya hedifoni unapaswa kwenda peke yake hadi kwenye kile kiungo cha betri mbili, graundi ya kigeuzi ifike hapo kwa waya wake, na graundi ya potenshomita kwa waya wake, vyote vikikutana kwenye nukta moja. Ukitumia mkebe wa bati kama kasha, jeki isiguse bati. Mkebe wenyewe uunganishwe na nukta ile kwa waya mmoja tu.

Vitazame pia viungo vyako vya risasi chini ya mwanga mkali. Kiungo kizuri kinang’aa na kimetandaza mguu wake kwenye shaba kama tone la maji lililolowa. Kilichofifia, chenye punje punje au kilichosimama kama mpira juu ya shaba kilipoa kabla hakijashika. Usiongeze risasi juu ya kiungo kama hicho. Kivute risasi ya zamani, safisha shaba, pasha moto mguu na shaba kwa pamoja kwa sekunde 2 au 3, kisha ulishe risasi mpya kwenye mahali palipopata joto, si kwenye ncha ya chuma cha kulehemu. Kwenye veroboadi hakikisha pia kwamba mistari uliyokusudia kuikata imekatika kweli, kwa kuwa unywele mmoja wa shaba unatosha kuunganisha miguu miwili.

Kuhusu opampu ya bei, nikuambie kitu ambacho wauzaji wengi wenyewe hawakijui. Chipu bandia zimejaa kwenye soko la dunia, nasi tunaletewa kama wengine. Kipimo cha haraka ni kuweka mita mfululizo na betri, bila muziki na bila hedifoni: NE5532 halisi ikiwa imetulia inakunywa takriban miliampea 8. Ukikuta miliampea 3, huenda ni opampu nyingine ya bei ya chini iliyofutwa jina na kuandikwa upya. Ukikuta miliampea 40 na chipu ina joto, inatetemeka, na hapo uangalie zile kapasita za nanofaradi 100. Kama baada ya marekebisho yote utahitaji mkondo zaidi, tafuta NJM4556A, ambayo miguu yake imepangwa vilevile na inaweza kutoa miliampea 70, wakati NE5532 kwa kawaida huishia karibu 38. Lakini miliampea 38 kwenye omu 32 ni zaidi ya miliwati 20, na hesabu yetu ya juu imeonyesha kwamba miliwati 10 tayari ni kelele. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na kila ongezeko dogo la desibeli linakula saa hizo kwa kasi. Wewe una miaka ishirini na kitu. Masikio hayo unayahitaji kwa kazi hii.

Baadaye, ukichoka kununua betri, unaweza kujenga umeme wa ukutani kwa transfoma ya 12-0-12, daraja la dayodi, kapasita za maikrofaradi 1,000 kila upande, na regulata mbili, 7812 na 7912. Mambo mawili yamewaunguzia wengi vipuri hapo. La kwanza, miguu ya 7912 haijapangwa kama ya 7812: kwenye 7812 unaanza na ingizo, kisha graundi, kisha pato, na kwenye 7912 unaanza na graundi, kisha ingizo, kisha pato. La pili, mgongo wa chuma wa 7812 ni graundi lakini wa 7912 ni ingizo, kwa hiyo ukizifunga zote mbili kwenye bati moja bila kizuizi cha maika, umeunganisha umeme na graundi. Transfoma ikae kwenye kasha lake la mbali, lenye fyuzi upande wa volti 240, na waya wa kijani na manjano ufungwe kwa skrubu kwenye chuma cha kasha hilo. Mafundi wa Kamukunji watakukunjia kisanduku kizuri cha bati kwa vipimo unavyotaka. Mara ya kwanza unapogusa volti 240, fanya hivyo ukiwa na mwalimu wako wa maabara kando yako.

Fanya marekebisho kwa mpangilio huu: kwanza ondoa zile rezista za kilo-omu 1, kisha badilisha kapasita na rezista za ingizo, kisha betri ya pili, na upime baada ya kila hatua ili ujue ni kipi kilichobadilisha nini. Niandikie namba tatu: milivolti kwenye jeki kushoto na kulia, miliampea za chipu ikiwa imetulia, na volti za kila betri hedifoni zikiwa zimechomekwa na muziki ukipiga. Kama namba hizo ziko sawa na bado unasikia kukwaruza, nitumie na picha ya upande wa chini wa veroboadi.